Tangazo Lisilosikika si Tangazo

Maelezo ya historia juu ya njia za habari katika nchi ya Meru na Embu



Ni desturi ya kitabu hiki cha Taarifa ya Mwaka kwamba, baada ya hesabu za Mweka Hazina na majina ya wanachama waliofariki, ziwekwe kurasa chache za historia, ili vijana wetu wajue walikotoka na wazee wapate la kusahihisha. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tueleze jinsi habari zilivyokuwa zikiwafikia watu wa Meru na Embu tangu zamani hata leo. Agizo hilo lilitokana na jambo lililotukia ofisini kwetu, na yafaa tulitaje kwanza, ingawa halitupi sifa.

Alikuja mjane mmoja kutoka nyanda za chini, upande wa Mto Tana. Mumewe alikuwa mwanachama kwa miaka mingi na ada yake hakuikosa. Mama huyo alifungua pindo la leso yake akatoa stakabadhi zote, zimekunjwa vizuri, akaomba msaada wa mazishi. Karani akamjibu kwa adabu kwamba siku za kuomba zimekwisha pita. Kanuni ilikuwa imebadilishwa, muda ukapunguzwa, na tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mlangoni na kupelekwa kwa barua kwa makatibu wa matawi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: “Mlilisema wapi?”

Hapana aliyeweza kumjibu. Halmashauri iligawanyika. Wako waliosema kanuni ni kanuni, na Chama kikianza kuvunja kanuni zake kitakwisha. Wako waliosema mtu hawezi kuvunja kanuni asiyoijua. Shauri hilo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, nasi hatuna mamlaka ya kulikata hapa. Lakini twaamini kwamba historia ya nchi yetu ina neno la kusema juu yake, na neno hilo ndilo tutakalolifuata katika kurasa hizi.

KABLA YA KARATASI

Watu wa upande wetu wa Mlima Kenya hawakukosa njia za habari hata siku moja. Igembe na Tigania, Imenti na Igoji, Mwimbi na Muthambi, Chuka na Tharaka, na kusini yao Waembu na Wambeere, wote walikuwa na mabaraza ya wazee yaliyopanda ngazi kwa ngazi, kutoka kijijini hata, kwa Wameru, Njuri Ncheke yenyewe. Neno lililokatwa barazani halikuandikwa popote. Lilibebwa vinywani, likasemwa tena katika mabaraza madogo, na kila mzee alipaswa kulijua kwa moyo.

Vijana walikuwa na shule yao katika gaaru, nyumba ya wapiganaji, ambamo walifundishwa ulinzi, heshima na mipaka ya nchi. Wakati wa jando palikuwa na nyimbo, na miongoni mwake kirarire, uimbaji wa kujibizana ambao ndani yake mambo ya nchi yalitajwa, wavivu wakachekwa na mashujaa wakasifiwa. Chuka walikuwa na ngoma zao ndefu, zinazobanwa mapajani na kuinamishwa mbele, ambazo hata leo Kenya nzima yazijua. Wanawake nao walikuwa na mabaraza yao, na nyimbo zao za shamba, za harusi na za kulea.

Twaomba wasomaji waangalie sifa moja ya njia hizo zote. Wimbo wetu una mwanzishaji na una waitikiaji. Mwanzishaji akitaja neno, na watu wasipoitika, ajua papo hapo kwamba halikuwafikia au halikuwapendeza, naye hulirudia au huligeuza. Hali kadhalika barazani: msemaji husimama kidogo, na wazee huitikia kabla hajaendelea. Kwa hiyo msemaji hakuweza kudai kwamba amekwisha sema ikiwa watu hawajaonyesha kwamba wamesikia. Kiitikio ndicho kilichokuwa stakabadhi.

Hata hivyo tusiwadanganye vijana kwamba zamani kila mtu alipata kila habari. Njuri Ncheke lilikuwa baraza la wanaume, na si la wanaume wote bali la walioingizwa. Mwanamke, mgeni na maskini walipata maneno makubwa ya nchi kwa kupitia kwa wengine. Kwa hiyo kasoro tutakayoieleza ilikuwapo kabla ya wageni kuja, ila baadaye ilipanuka.

NJIA YA KARATASI

Mwaka 1906 Waingereza waliishinda nchi ya Embu kwa silaha, na muda si mrefu baadaye E. B. Horne, ambaye watu wetu walimwita Kangangi, akaweka boma Meru. Wamisionari walifuata: C.M.S. walikaa Kigari katika Embu mwaka 1910, mapadre wa Consolata wakaingia Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakaanza Kaaga mwaka 1912, na Dakta Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti akafika Chogoria mwaka 1922. Wengi wetu tumesomeshwa na matunda ya vituo hivyo, au tumezaliwa katika hospitali zake, na si kusudi letu kuwalaumu waliovijenga.

Lakini tazameni ramani. Vituo hivyo vikubwa viliwekwa juu, penye mvua na ubaridi. Nyanda za chini, yaani Tharaka na Mbeere, penye jua kali, mtama na mbuzi, ziliachwa nyuma. Basi karatasi ilipokuwa mlango wa habari, nchi ikagawanyika mara mbili. Wa juu walisoma wakawa makarani, walimu na wazee wa kanisa. Wa chini waliendelea kungoja mtu mwenye kujua kusoma awapitie.

Tena palikuwa na jambo la lugha. Katika Embu watu walisoma kwa muda mrefu vitabu vya Kikikuyu. Katika Meru, Kimeru kilichoandikwa kiliufuata zaidi usemi wa Imenti. Agano Jipya la Kimeru lilitoka mwaka 1952 na Biblia nzima mwaka 1964, nayo ilikuwa furaha kubwa. Lakini Mtharaka alipoisikia ikisomwa, alisikia usemi wa jirani yake. Agano Jipya la Kitharaka lilitoka mwaka 2001, na Biblia nzima mwaka 2019. Kutoka 1964 hata 2019 ni miaka 55. Twalitaja jambo hilo si kwa ajili ya dini peke yake, bali kwa kuwa ni kipimo kinachoonekana wazi: neno lile lile, kutoka mlimani mpaka bondeni, lilichukua zaidi ya nusu ya karne kufika kwa usemi wa wenyewe.

Wakati karatasi ikienda polepole, wimbo ulikwenda mbio. Mwaka 1929 misheni kadhaa zilitoa amri kali juu ya tohara ya wasichana, na Chogoria ilikuwa mojawapo ya mahali palipotikiswa sana, wakristo wengi wakajitenga. Katika nchi ya Wakikuyu ulizuka wimbo wa kucheza ulioitwa Muthirigu, wa kuwapinga wamisionari na machifu. Haukuhitaji kupigwa chapa wala kutiwa posta, na kwa muda mfupi ulikuwa umeenea mno hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Hatusemi kwamba maneno ya wimbo ule yalikuwa ya adabu. Twasema tu kwamba serikali yenye makarani na mitambo ya chapa iliuogopa, kwa sababu ulifika kila mahali ambako karatasi zake hazikufika.

SAUTI ZA MASHINE

Kisha zikaja mashine. Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palifanywa jaribio la sinema za kuwafundisha Waafrika, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Walitengeneza sinema 35, juu ya kilimo, afya, akiba ya posta na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa lori katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sauti za sinema hizo zilitiwa katika sahani za santuri mbali na picha, ili lugha iweze kubadilishwa kila mahali. Hilo lilikuwa wazo la busara. Lakini hadithi zenyewe zilitungwa na wageni, na mara nyingi Mwafrika mwenye akili katika sinema hizo alikuwa yule aliyetii, na mjinga ni yule aliyeshika njia zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kenya ilianza kutangaza kwa redio kwa lugha za Kiafrika, ili jamaa za askari wapate habari. Mashine za redio zilikuwa ghali. Huko Lusaka, mwaka 1949, Bwana Harry Franklin aliwashawishi watengenezaji wa Uingereza waunde redio ndogo ya betri kwa bei ya paundi 5, yenye umbo la sufuria, hata ikaitwa hivyo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa shamba aliweza kutamani kuwa na sauti nyumbani mwake, ingawa paundi 5 zilikuwa mali nyingi.

Ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952. Wazee wanaosoma kurasa hizi, au watoto wao, wayakumbuka mambo ya wakati ule katika Meru na Embu: vijiji vya lazima, pasi za kutembelea, na mikutano iliyokatazwa. Serikali haikuacha kusema. Ilisema zaidi ya wakati wowote, kwa redio, kwa magari yenye vipaza sauti na kwa karatasi. Iliyokosekana ni njia ya watu kuitikia. Kipaza sauti hakina sikio. Na watu wasioweza kujibu hadharani hujibu gizani.

AMRI YA MWAKA 1956

Twafika sasa kwenye jambo ambalo wazee wengi hawapendi kulizungumza, nasi twaliandika kwa heshima. Mwezi wa Aprili mwaka 1956, kwa kuhimizwa na Mkuu wa Wilaya, Njuri Ncheke ilikata shauri la kuharimisha tohara ya wasichana katika Meru. Amri ikatangazwa. Lakini ilitungwa na wanaume juu ya jambo ambalo tangu hapo lilikuwa mikononi mwa wanawake, na mabaraza ya wanawake hayakuulizwa.

Matokeo yake yamechunguzwa na wanahistoria. Wasichana wengi walikwenda porini wakajitahiri wao kwa wao, hata wakapewa jina la Ngaitana, maana yake “nitajitahiri mwenyewe”. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo. Ng’ombe na mbuzi walitozwa faini, na ambao hawakuwa nazo walifungwa. Desturi iliyokusudiwa kuondolewa haikuondoka.

Leo sheria ya nchi, iliyopitishwa mwaka 2011, yaikataza desturi hiyo kabisa, na Chama hiki chaiunga mkono sheria hiyo. Kwa hiyo hatusemi kwamba amri ya 1956 ilitaka jambo baya. Twasema kwamba hata jambo jema, likitangazwa bila kuwafikia wanaohusika kwa njia wanayoiamini, huwa adhabu kwa watu na aibu kwa watangazaji.

BAADA YA UHURU

Mwaka 1964 redio ya taifa ilifanywa kuwa Sauti ya Kenya, na lugha kadhaa za nchi, Kimeru kikiwamo, zikapewa nafasi ya matangazo. Wengi twakumbuka jinsi watu walivyokusanyika mlangoni pa duka moja lenye redio, na mwenye duka akiitwa mzee ingawa alikuwa kijana. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyorithi kazi ya vitabu vya masanduku na vya posta iliyofanywa na East African Literature Bureau tangu mwaka 1948. Mwaka 1974 Jumba la Makumbusho la Meru lilifunguliwa ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Jengo ambalo babu zetu waliliingia kwa hofu, kofia mkononi, sasa watoto huliingia wakaona nyumba, vyombo na dawa za miti za babu zao.

Katika miaka hiyo hiyo mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwauliza wazee, akachapisha maneno yao. Kitabu chake cha masimulizi ya Waembu kilitoka mwaka 1974. Alifanya jambo ambalo watangazaji wengi hawakulifanya: alikwenda kwanza kusikiliza.

Lakini nyanda za chini ziliendelea kungoja. Kando ya Mto Tana yalijengwa mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ulizaliwa mlangoni pa Wambeere, na nyaya zikapita juu ya nyumba zao kwenda mijini, nao wakaendelea kununua betri kavu za redio, mwenye nazo. Tukisema kwamba “redio imetangaza”, tukumbuke kwamba kwa miaka mingi waliokaa karibu zaidi na mitambo ya umeme walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuusikia mtangazaji.

GATUNGA, MWAKA 1996

Basi tuje kwenye habari njema, nayo ilitoka mahali ambapo watu wa mlimani hawakupatazamia. Gatunga ni kijiji cha Tharaka, katika nyanda za chini. Mwaka 1996, miaka 40 baada ya amri ya Njuri, jamaa kama 30 za huko, zikisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake na shirika la afya liitwalo PATH, zilianza jambo jipya kwa mabinti zao. Waliliita Ntanira na Mugambo, yaani kutahiriwa kwa maneno.

Hawakuanza kwa kubandika katazo. Kwanza akina mama waliulizwa sherehe ile ya zamani ilikuwa na faida gani kwao, nao wakajibu kwamba ilimfanya msichana ahesabiwe kuwa mtu mzima, ilimpa mafundisho na ilimpa heshima mbele ya jamaa. Wakaamua kuyashika hayo yote na kuacha kisu. Wasichana walikaa ndani muda wa juma moja, kama ilivyokuwa desturi, kila mmoja na mlezi wake, wakafundishwa mambo ya mwili, afya, adabu na maisha ya mke na mume. Siku ya kutoka palikuwa na nyimbo, ngoma, michezo ya kuigiza, zawadi na chakula, na majirani wote waliona kwamba msichana amevuka.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilikuwa limeenea katika wilaya nyingine, na jamaa zilizoshiriki zilihesabiwa kwa mamia. Hatudai kwamba desturi ya zamani ilikwisha siku ile. Haikwisha, na mahali pengine kazi ingali ngumu. Lakini linganisheni mambo mawili. Mwaka 1956 palikuwa na serikali, mahakama, polisi na baraza kuu la nchi, na watu 2,400 wakashtakiwa. Mwaka 1996 palikuwa na wakina mama wa kijiji kikavu, nyimbo zao na juma moja la mafundisho, na wazazi wakaja kwa hiari yao wenyewe. Tofauti haikuwa katika neno lililosemwa, kwa kuwa neno lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya pili walioambiwa ndio waliokuwa wasemaji.

MIFANO YA NCHI NYINGINE

Ili isidhaniwe kwamba twajisifu, tutaje pia wengine waliogundua siri hiyo hiyo. Huko Kanada, kuanzia mwaka 1941 hata 1965, wakulima walikusanyika majumbani kusikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana, kisha wakapeleka majibu na maswali yao kwa watangazaji. Bara Hindi walijaribu njia hiyo katika vijiji vya Poona mwaka 1956. Redio ikawa baraza, kwa sababu ilipewa sikio.

Karibu na kwetu, mwaka 1977, wakulima na wafanya kazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza kwa Kikikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngugi wa Thiong’o na Ngugi wa Mirii. Wengi wao hawakujua kusoma, hata hivyo waliwasahihisha waandishi juu ya lugha na desturi. Mchezo ulikatazwa baada ya wiki chache na Ngugi wa Thiong’o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Sanaa ya watu ina nguvu, na wenye mamlaka huijua nguvu hiyo kabla ya wengine.

Na huko Tanzania, mwezi wa Julai 1993, redio ya taifa ilianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na hatari ya UKIMWI. Kwa makusudi ya uchunguzi, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995. Wachunguzi waliona kwamba uzazi wa mpango uliongezeka zaidi mahali mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ikafuata ilipoanza kusikia. Watu wa Dodoma hawakuwa wagumu kuliko wenzao. Walikuwa hawajaambiwa.

Twaomba neno hilo la mwisho liwekwe moyoni, maana mara ngapi sisi wa mlimani tumesema kwamba watu wa chini ni wagumu?

HALI YA SASA NA LITUPASALO

Leo njia ni nyingi kuliko zamani. Redio za lugha zetu zatangaza mchana na usiku, kama vile Muuga kwa Kimeru na Wimwaro kwa watu wa Embu na Mbeere, na simu ya mkononi imeingia hata machungani. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka nchi ilinde na kukuza lugha zote za watu wake, pamoja na lugha ya ishara ya viziwi na maandishi ya vipofu, na yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Serikali ikifungwa na sheria ya namna hiyo mbele ya raia wake, chama cha kusaidiana kitakuwaje na ubao mmoja mlangoni?

Wala tusijidanganye kwamba simu itatumaliza kazi. Ujumbe uliotumwa kwa simu ni karatasi nyingine tu, ikiwa mpokeaji hawezi kuusoma au simu ni ya mwanawe aliye Nairobi. Mashine hupeleka sauti. Kupokelewa ni jambo jingine.

Kwa hiyo, baada ya kuitazama historia hii, sisi tulioagizwa kuiandika twaomba kuyaweka mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne, nayo mtayakubali au kuyakataa kama mtakavyoona vema.

Kwanza, kwamba kanuni yoyote mpya ya Chama isihesabiwe kuwa imetangazwa mpaka iwe imesemwa kwa mdomo katika kila tawi, kwa usemi wa watu wa tawi hilo, siku ya soko au ya mkutano, na katibu wa tawi athibitishe si kwamba ameisema, bali kwamba wanachama wameirudia mbele yake.

Pili, kwamba kwaya na vikundi vya ngoma vya matawi, ambavyo sasa twaviita siku ya sherehe tu ili vipambe mkutano, vipewe kazi ya kutunga nyimbo juu ya ada, misaada na haki za wanachama. Watu wetu husahau barua kabla ya jua kutua, lakini wimbo mzuri mtoto huurudia kisimani.

Tatu, kwamba katika kila tawi achaguliwe mama mmoja wa kuwapelekea habari wajane na wagonjwa wasiofika mikutanoni, na kwamba viziwi na vipofu walio wanachama waulizwe wenyewe wapenda kuarifiwa kwa njia gani.

Nne, juu ya mjane yule. Wenzetu wanaoishika kanuni hawana nia mbaya. Wanailinda hazina, na hazina isiyolindwa haimsaidii mjane yeyote. Lakini kanuni hii haikumfikia. Mumewe alilipa, na Chama kikapokea na kumpa stakabadhi. Chama nacho kilikuwa na deni la kumpa habari, na kwa deni hilo hatuna stakabadhi ya kuonyesha. Twaomba alipwe msaada wake wote, na Mwenyekiti aende mwenyewe nyumbani kwake kumpelekea, ili atakapoulizwa “mlilisema wapi?”, tuweze kujibu kwamba tumelisema mlangoni pake.

Wazee wa baraza la zamani walijua kwamba neno halijakwisha mpaka waitikiaji waitike. Nasi twakomea hapa, tukingoja maitikio yenu katika Mkutano Mkuu. Mwenye kusahihisha lolote tuliloliandika juu ya mila au miaka, na asimame alisahihishe, nasi tutamshukuru, na sahihisho lake litachapwa katika Taarifa ya mwaka ujao.

Kwa heshima nyingi,
Sisi watumishi wenu, Kamati ya Taarifa ya Mwaka.